Baba mlafi habakizi samaki

"Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu hapa Masasi, naandika kitabu cha maisha yangu. Sura ya kwanza inamhusu baba, yuko Newala. Mzee alipenda tumbo lake. Alikula peke yake barazani, mimi namnawisha na kungoja. Akishiba ndipo naitwa nitoe vyombo, nakuta tonge mbili na kipande cha samaki. Ada alinilipia mjomba. Msimu wa korosho wa 2018 nilimwomba pesa nimalizie nyumba, akaniletea gunia la makopa, mihogo mikavu. Sasa mke wangu kasoma sura hiyo, kanisusia kupika mpaka niifute. Wao wawili wanapatana mno. Mzee akija hushinda uani wakila ming'oko, ile mizizi ya porini, na kucheka. Nimfanyeje mke huyu?"

Marahaba, mwanangu. Pole, kungoja chakula na njaa tumboni ni kitu kigumu kwa mtoto. Pole yangu inaishia hapo, maana barua yako inakusuta.

Kipande cha samaki kilifikaje kwenye bakuli? Mlafi habakizi samaki, hubakiza miiba. Wewe mwenyewe unakiri kila ukiitwa unakikuta. Mzee alikula akijipimia, wewe ukahesabu tonge zake tu. Mla ni mla leo, mla jana kala nini!

Na hilo la ada limenichekesha. Mtoto wa Newala unashangaa kulipiwa na mjomba? Kwa Wamakonde, kama kwa Wamwera, Wayao na Wamakua, mtoto huhesabiwa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Baba yako angepeleka wapi ubaba wake? Alibaki na bakuli. Hapo hakuna mjomba wa kumwingilia.

Tuje 2018. Wakulima waligomea bei za wanunuzi, serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likasomba mzigo, na wengi wakakaa miezi bila kuona hela. Ulimwomba mwezi gani? Hilo hukuandika. Makopa ndiyo akiba ya nyumba huku kwetu. Mtu akikupa gunia zima amelipunguza ghala lake. Wewe ukaliita ubahili.

Mkeo simlaumu hata kidogo. Watu wakikaa uani wanamenya ming'oko, wakichovya kwenye chumvi na pilipili, wanazungumza. Nina hakika mzee kamwambia mambo ambayo wewe hujawahi kumuuliza. Ndiyo maana sura yako imemkera.

Lakini ndoa zenu za siku hizi nazo! Baba kala chipsi mayai kijiweni, mama kala jikoni kasimama, mtoto sahani mkono mmoja, simu mkono mwingine. Hakuna anayemwona mwenzake akitafuna. Wanao nao watakuandika, na sijui watapata wapi hata hicho kipande cha samaki.

Sura usiifute, wala usiichapishe. Panda gari uende Newala, ubebe samaki mzuri, mle bakuli moja. Mwulize kwa nini alikuwa akibakiza, na pesa za korosho aliziona lini. Akijibu, andika alivyosema yeye, hata kama yanakuumbua. Kisha mswada mpe mkeo asome kabla ya mtu mwingine yeyote. Wakati huo jipikie. Kakususia kupika, jiko hajalifunga.