Muulize Shangazi: Kuku Wanaruka Uzio, Sukuma Wiki Inaisha

SWALI: Shikamoo shangazi. Nina kuku wa kienyeji 14 hapa Moshono, Arusha. Nimewazungushia waya wa futi 5 nyuma ya nyumba, lakini kila ikifika saa nne asubuhi nawakuta watano au sita bustanini. Sukuma wiki wameimaliza, sasa wanachakura miche ya mnafu niliyoipandikiza juzi. Mume wangu anasema niwakate mabawa yote mawili. Jirani anasema niwauze. Nifanyeje?
Mama Junior, Moshono

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiwauze. Kuku anayeruka uzio ni kuku mwenye afya anayetafuta kitu, na kazi yako ya kwanza ni kujua anatafuta nini. Kesho weka kigoda mahali wasipokuona, uwaangalie tangu wanapofunguliwa. Utajua wanapitia wapi na nani anatangulia. Mara nyingi ni koo mmoja au wawili wanaofungua njia, wengine wanafuata.

Hiyo saa nne uliyoitaja inaniambia jambo. Kuku wengi hutaga asubuhi, na koo aliyeshikwa na yai hutafuta mahali penye giza na faragha. Kama viota ni vichache au viko kwenye mwanga, atakwenda kutagia kwenye migomba yako. Weka kiota kimoja kwa koo wanne, kwenye kona yenye giza, ndani utandike nyasi kavu.

Halafu majani. Eneo dogo likichakurwa na kuku 14 hubaki udongo mtupu, na kiangazi cha Juni mpaka Oktoba hapaoti kitu. Kuku anaona kijani ng'ambo ya waya, atakaa vipi? Mpelekee hukohuko ndani: funga fungu la matembele au chainizi iliyokomaa, ulining'inize usawa wa kichwa chake, adonoe taratibu. Ila nakusihi, usiwatupie majani wala maganda ya parachichi. Najua Arusha miparachichi imejaa kila ua, lakini ina sumu inayoua ndege. Uwatengee pia mchanga mkavu kivulini, uchanganye na majivu kidogo. Kuku lazima aoge vumbi, na asipopata pake ataogea kwenye tuta ulilolilainisha kwa jembe.

Sasa uzio wenyewe. Kuku wa kienyeji ni mwepesi, futi 5 hazimsumbui, hasa akipata pa kukanyagia kwanza. Angalia ndoo iliyopinduliwa, tawi lililoinama, au paa la banda lililo karibu na waya. Viondoe. Kisha tazama juu: fundi amepigilia ubao? Ung'oe. Kuku huruka akilenga pa kutua. Akiuona ubao anatua, anatazama huku na huku, anashukia kwenye mboga. Waya uliolegea juu haumpi pa kushika.

Kwa eneo kama lako mimi ningefunika juu kabisa. Hapa kwangu Kiboriloni nimefunika kwa wavu chakavu niliouziwa na mvuvi wa bwawa la Nyumba ya Mungu, na umenikinga na mwewe pia. Anza na hilo kabla hujagusa bawa la kuku.

Ikishindikana, mwambie Baba Junior mnakata bawa moja tu. Ukikata yote mawili kuku bado ana mizani na atajikokota mpaka juu. Ukikata moja anapinda upande. Mshike jioni akiwa ametulia, mkunjue bawa, utaona manyoya 10 marefu ya nje. Yakate kwa mkasi mkali, ukiishia pale yanapofunikwa na manyoya madogo. Unyoya wenye kishina cheusi-cheusi una damu ndani, bado unakua, uache. Uliokomaa haumuumi. Akinyonyoka na kuota mapya itabidi urudie. Wakate hao wanaotangulia tu, maana kuku aliyekatwa bawa hawezi kumkimbia mbwa kwa kurukia mtini, na hilo ndilo linalonifanya nisite.

Miche ya mnafu ilaze matawi ya mchongoma juu yake leo hii, mpaka ishike.

SWALI: Shangazi, kuku wangu wakubwa wanatulia, vifaranga ndio wanapenya kwenye matundu ya waya na kuzurura kwa majirani.
Msomaji wa Pasua, Moshi

JIBU: Usibadilishe waya wote. Zungushia chini waya wa matundu ya nusu inchi, urefu wa futi 2, na ncha yake uifukie ardhini kama sentimita 20 ili nguchiro asichimbe kuingia. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni huko kuchanganyika na kuku wa watu. Kideri, ugonjwa wa kuku wa kuambukizana, hakina tiba, kina chanjo. Ile ya matone ya jicho hurudiwa kila baada ya miezi 3, na chupa moja inatosha kuku wengi kuliko ulio nao. Ongea na hao majirani mchangiane, mumwite afisa mifugo wa kata, kuku wa mtaa mzima wachanjwe siku moja.