Nanga Isilale Usingizi: Majibu kwa Wenye Yoti

*Shikamoo nahodha. Wiki ya mwezi mpevu nilitia nanga Msasani saa nne asubuhi, kina mita 4, nikatoa mnyororo mita 20. Ilipofika saa kumi jioni yoti imesogea karibu na miamba. Ninunue nanga nzito zaidi? – Msomaji, Mikocheni*

Marahaba. Hela zako ziweke. Mwezi mpevu ni bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kupita kawaida, na bamvua ya Dar es Salaam saa nne maji yamekupwa, saa kumi yamejaa. Hupanda mita 3 na zaidi. Wewe ulipimia maji ya asubuhi, jioni yakawa mengine kabisa.

Hesabu iwe hivi: kina cha sasa mita 4, maji yatakayoongezeka mita 3.5, kimo cha omo (sehemu ya mbele ya chombo) kutoka majini mita 1. Jumla 8.5. Zidisha mara 5, unapata mita 42 na nusu za mnyororo. Mwenye kamba na kipande cha mnyororo azidishe mara 7, mita 60 hivi. Mnyororo ukiwa mfupi unainua mpini wa nanga na makucha yanatoka mchangani. Ukiwa mrefu unalala chini, nanga inavutwa kwa ulalo na kuzidi kujichimbia. Kusi, upepo wa kusini, ikikaza mchana, tofauti hiyo ndiyo inayookoa chombo.

Anayefika saa kumi jioni ana hatari nyingine: saa nne usiku maji yatakuwa yamemkimbia. Kwenye kina alichopima apunguze kwanza hizo mita 3.5, aone kama mkuku, uti wa chini wa chombo, hautagusa chini.

*Nitajuaje imeshika?*

Usiimwage minyororo rundo moja. Shusha nanga iguse chini, acha yoti irudi nyuma taratibu huku ukitoa mnyororo, kisha rudi kinyumenyume kwa injini, kidogo kidogo. Chagua vitu viwili nchi kavu vilivyo mstari mmoja, mnazi na paa la nyumba nyuma yake. Vikiachana wakati injini inavuta, nanga inaburuzika. Weka mkono juu ya mnyororo pia. Ukitetemeka kwa mishtuko, nanga inaparuza chini. Ing'oe, uanze upya, hata kama abiria wana njaa.

*Kisiwani Mbudya naweza kutia nanga juu ya matumbawe?*

Hapana. Mbudya na Bongoyo ni hifadhi ya bahari tangu 1975, na tumbawe lililovunjwa na mnyororo huchukua miaka mingi kuota upya. Tafuta doa la mchanga, maji yakiwa yanang'aa na jua liko juu. Wakati wa kusi, kaa upande wa kaskazini-magharibi wa kisiwa.

*Usiku niwashe taa gani?*

Nyeupe moja, inayoonekana pande zote. Mchana, tufe jeusi omo. Wavuvi wa ngalawa hupita gizani, wanastahili kukuona.

*Jirani aliyefika baada yangu ananigonga tukizunguka. Nani ahame?*

Yeye. Aliyetangulia kutia nanga ana haki ya nafasi yake. Mwendee mapema kabla upepo haujageuka, umweleze umetoa mnyororo mita ngapi.