Kisima cha mtaa na safari ya mtafiti wa maji: maswali yenu

Assalamu alaykum mwalimu. Nimemaliza kidato cha nne na napenda mambo ya maji na mazingira. Nichague kozi gani? (Likoni)

Wa alaykum salaam, mwanangu. Usivutwe na jina la kozi. Tazama ndani yake mna kemia, biolojia au jiolojia kiasi gani, na hesabu usizikimbie. Aliyeiva kwenye kemia huweza kujifunza maji baadaye, lakini aliyesoma maneno mazuri ya mazingira bila kemia huteseka maabarani. Kwetu kuna Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor, na Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi. Ukishaingia, omba mapema kujifunza kazi KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, ambayo makao yake makuu yako hapa hapa mjini.

Naanza uzamili. Nataka kuchunguza visima vya mtaani kwetu, lakini wenzangu waniambia mada hiyo imeshachoka. Nibadilishe? (Kisauni)

Usibadilishe. Kilichochoka ni lile swali la "maji haya ni masafi au machafu?" ambalo mara nyingi jibu lake lajulikana kabla chupa haijajaa. Wewe uliza uchafu unaingia kwa njia gani, na wakati gani.

Anza na mwamba. Kisiwa cha Mombasa na ukanda wetu ulio karibu na bahari umekaa kwa sehemu kubwa juu ya matumbawe ya kale, yenye matundu na mianya. Maji ya choo cha shimo yaweza kupita humo hadi kisimani bila kuchujwa. Chini kuna bahari. Maji matamu ni mepesi, kwa hiyo huelea juu ya yale ya chumvi, na kwa hesabu ya kawaida kila mita 1 ya maji matamu juu ya usawa wa bahari hubeba takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Pampu ikiyashusha kwa nusu mita tu na yakabaki hapo, chumvi yaweza kupanda kama mita 20. Ndiyo sababu kisima kilichowanywesha wazee leo chaogeshea tu.

Sasa fanya ambalo wengi hawafanyi: fuata kalenda ya wavuvi. Chukua visima 10, si 50, uvirudie wakati wa bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, na wakati wa maji mafu, inapojaa na kupwa kidogo, kisha kiangazi cha kaskazi na tena masika. Andika kina cha kila kisima, kama kina mfuniko, na hatua ngapi hadi choo cha karibu. Pima chumvi, naitreti, ile kemikali itokayo kwenye kinyesi na mbolea, na E. coli, bakteria wa kinyesi. Sampuli za vijidudu zitiwe kwenye chupa zilizotakaswa, zikae kwenye barafu na zifike maabara siku hiyo hiyo. Nimewahi kutupa kazi ya siku nzima kwa sababu barafu iliyeyuka kwenye msongamano wa magari, na bado naumia nikikumbuka.

Na usikubali kuambiwa visima ni jambo dogo. Maji ya mfereji Mombasa hutoka mbali: Mzima kule Tsavo, kilomita 220 hivi, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere na Tiwi upande wa Kwale. Mfereji ukikauka, watu hurudi kisimani, au hununua mtungi wa mkokoteni bila kujua umejazwa wapi.

Itanichukua miaka mingapi kuwa mhadhiri? (Changamwe)

Shahada ya kwanza miaka 4, uzamili 2, uzamifu (PhD) 3 kwa karatasi, na mara nyingi zaidi kwa uhalisi. Uhadhiri siku hizi hudai uzamifu. Juu yake kuna mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, kisha profesa. Wengi hufundisha kwanza kwa mkataba na malipo huchelewa, kwa hiyo jifunze mapema kuandika maombi ya ruzuku. WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa magharibi mwa Bahari ya Hindi yenye makao Zanzibar, hufadhili watafiti wa ukanda wetu. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kiombe kabla ya kuanza kukusanya data.

Wanafunzi walikuja kuchukua maji kisimani kwangu, yapata miaka miwili sasa. Sijaletewa jibu. Nikiyachemsha yatafaa? (Mji wa Kale)

Mzee wangu, shikamoo. Hili limeniuma, kwa sababu ni kosa la fani yetu. Tasnifu hufungwa, mtu huvaa joho, na mwenye kisima haambiwi kitu. Nenda chuoni walikotoka, utaje mwezi waliokuja, uombe matokeo yako. Ni haki yako.

Kuchemsha huua vijidudu, lakini chumvi na naitreti hubaki, na huzidi kidogo maji yanapopungua sufuriani. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa naitreti kuwa miligramu 50 kwa lita. Hadi upate kipimo, mtoto mchanga anayenyonya chupa asitengenezewe maziwa kwa maji hayo. Ya kufulia na kuoshea sakafu hayana neno.

Nawe wa Kisauni, soma swali la mzee huyu mara mbili. Kabla ya kuchota tone la kwanza, andika daftarini nambari ya simu ya kila mwenye kisima, na utenge siku ya kuwarudia na karatasi moja ya Kiswahili.