Usipige msasa mizani ya babu

Ujumbe uliingia Ijumaa usiku, nguo zangu zikiwa bado na vumbi la chaki. Msomaji mmoja wa Kondoa aliandika hivi: "Dada, shikamoo. Tumebomoa duka la marehemu babu, tumekuta mizani ya sahani mbili na mawe yake saba. Mtu wa vyuma chakavu ametoa elfu kumi na tano. Mimi nataka nianze kukusanya vitu vya zamani kama wewe. Nianze na nini? Msasa na rangi nimeshanunua."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyoninyima usingizi. Nilimjibu palepale: weka msasa chini, usiguse kitu, nakuja kukueleza. Maelezo yenyewe ni haya, na nayaweka hapa kwa sababu najua wengi mnaonisoma mna hamu hiyohiyo. Dodoma inajengwa upya. Tangu Serikali ilipohamia na mji ukawa jiji mwaka 2018, kila wiki kuna duka la zamani linavunjwa, na vilivyomo ndani vinaishia kwenye toroli la vyuma chakavu. Kila ninapopita Uhindini au Majengo macho yangu yako chini, kwenye vifusi.

Babu yangu alikuwa na duka Mpwapwa. Bidhaa zilishushwa na treni stesheni ya Gulwe, kisha zinapandishwa mjini. Aliuza chumvi, mafuta ya taa, kaniki na sabuni ya mche. Alinunua karanga, nyonyo, nta na ngozi kutoka kwa watu wa vijijini. Mimi nilikulia chini ya meza ya duka lile, na huko chini ndiko nilikoona kitu ambacho watu wazima hawakuwa wanakiona: mgongo wa mtoto wa meza, yaani sehemu ya chini ya droo ya fedha, ulijaa madeni. Babu aliyaandika kwa penseli. Wateja wake wengi hawakujua kusoma, hivyo kila mmoja alikuwa na alama yake. Kulikuwa na jembe, pembe za ng'ombe, kibuyu, nyota. Pembeni ya alama kuna vijiti vinne na cha tano kinavikata, kila kijiti kibaba kimoja, kile kipimo cha kujaza. Mteja akija kulipa, droo inachomolewa, inageuzwa, wote wawili wanatazama, kijiti kinafutwa mbele ya macho yake.

Mwaka 2017 ukoo ulikubaliana chumba cha duka kipangishwe. Kaka zangu waligawana mabati na rafu. Mimi niliomba meza, nikacheka kwa furaha waliponiachia bila ubishi. Nikaisafirisha hadi Dodoma, nikampelekea fundi seremala, nikamwambia, "Piga msasa kote, kisha vanishi, nataka ing'ae." Fundi akafanya kazi nzuri. Nilipokwenda kuichukua niliipapasa kwa mkono, nikamsifu, nikalipa. Nilipofika nyumbani nikachomoa droo, nikaigeuza nimwonyeshe mwanangu.

Mbao nyeupe. Safi kama mkate.

Fundi hakukosea. Alifuata neno langu. Krismasi ya mwaka huo baba mdogo alitutembelea, mtu pekee aliyebaki aliyezijua alama zile ni za nani, maana ndiye aliyekaa dukani babu alipoanza kuugua. Aliinama kutazama chini ya meza, akakaa hivyo kwa muda, akainuka, akaomba maji ya kunywa. Hakusema kitu na mimi sikuuliza. Alifariki mwaka 2019. Nilikuwa na miaka miwili ya kumwomba aniambie nyota ilikuwa ya nani, na sikuitumia.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huo: kabla ya kusafisha, andika. Piga picha kila upande, hasa upande usioonekana. Andika kilitoka nyumba gani, nani alikitumia, kilishikwa vipi, kiliitwaje. Mimi nina daftari la kaunta, lile refu la mistari, kila kifaa kina ukurasa wake. Anayekusanya bila kuandika hana tofauti na mwenye toroli.

Nirudi kwenye mizani. Ndugu yangu wa Kondoa, geuza yale mawe yako ya chuma. Chini yake utakuta kitundu kilichozibwa kwa madini laini ya kijivu. Wengi hudhani ni uchafu wakautoa kwa bisibisi. Ile ni risasi, na ndiyo roho ya jiwe. Jiwe likitoka kiwandani lina tundu, linajazwa risasi kidogokidogo mpaka uzito utimie sawasawa, kisha mkaguzi wa vipimo anapiga muhuri wake juu ya hiyo risasi. Likilika kwa matumizi linarekebishwa na kupigwa muhuri tena. Ukitazama kwa makini unaweza kuona mihuri imepishana. Hayo ni maisha ya duka, miaka ambayo mwenye duka alipimiwa mizani yake akaonekana mwaminifu. Msasa wako utayafuta kwa dakika mbili. (Na usianze kuuzia watu vitunguu kwa mizani hiyo. Kipimo cha biashara lazima kihakikiwe na Wakala wa Vipimo. Hiyo yako sasa ni ya kutunza tu.)

Tazama pia kilichoandikwa ubavuni. Mengi ya umri huo yako kwa ratili, ambayo ni karibu nusu kilo, si kwa kilo. Bibi yangu aliendelea kusema ratili hadi uzeeni, na kwa mizigo ya jumla alisema frasila, ambayo ni kama kilo 16. Nafaka haikuwa ya kupimwa kwa uzito kabisa, ilikuwa ya kujaza: vibaba viwili ni kisaga, vibaba vinne ni pishi. Baadaye likaja debe, ambalo lilizaliwa kama kopo la mafuta ya taa la galoni nne, mafuta yakaisha, kopo likabaki kutawala soko hadi leo. Nikiingia darasani huwa nawauliza watoto nani anaijua haba na haba, mikono yote inanyooka. Nani amewahi kukiona kibaba? Kimya. Ninacho kimoja cha mbao, mdomo wake umelika upande mmoja tu. Umelika kwa ule ubao wa kusawazishia nafaka, kwa kuwa mwenye duka alikuwa akifuta kwa mkono uleule, upande uleule, kwa miaka. Ningekipiga msasa na hicho ningekuwa na kikombe cha mbao tu.

Sarafu nazo ni hivyohivyo. Mnasugua kwa ndimu na majivu mpaka zinawaka, mnaniletea mkitabasamu. Msifanye hivyo. Sarafu ikisuguliwa inapoteza thamani kwa wanaozijua, na inapoteza alama. Ninazo senti kumi za Afrika Mashariki, zile zenye tundu katikati na pembe za ndovu, zikiwa bado kwenye kamba ya katani waliyozitungia. Ninayo pia heller moja ya Mjerumani. Heller zilianza mwaka 1904, mia moja kwa rupia, na ndizo zilizotuachia neno hela tunalolitaja kila siku. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia Waingereza walipoziba bahari, Wajerumani waligonga sarafu palepale Tabora, za mwaka 1916, na ukiziangalia zimekaa vibaya, zimegongwa kwa haraka. Huo ubaya ndio habari yake. Ukiing'arisha unafuta habari.

Sitaficha kwamba njia hii ina maumivu. Nilikwenda ofisi moja hapa mjini mara tatu, na orodha yangu imechapwa vizuri, kuomba kona ndogo tu ya kuonyeshea vitu hivi. Mara ya tatu kijana aliyekaa mezani aliipekua kurasa mbili, akasema, "Mama, hivi si vyuma tu?" Nilitoka, nikasimama chini ya mwarobaini mpaka macho yakakauka. Bado naliskia lile neno "tu". Nawaambia ili msije mkadhani mtapigiwa makofi. Mtaambiwa mnajaza nyumba takataka, na ndugu zenu ndio watakaokuwa wa kwanza. Endeleeni. Andikeni, endeleeni.

Maana Ijumaa hiyohiyo ya ule ujumbe nilikuwa nimetoka shule moja ya msingi na vitu 31, mwalimu mkuu amenipa darasa zima. Kati ya vitu hivyo kulikuwa na kichuma chembamba, cha urefu wa kiganja na nusu, kimechongoka mbele na kina mfereji katikati kama mwanzi uliopasuliwa. Nilikinunua kwa mtu wa vyuma chakavu miaka miwili iliyopita. Kwenye daftari niliandika: "Patasi? Ya ngozi?" na alama za kuuliza.

Mzee mmoja alikuwa amekuja kumchukua mjukuu wake. Alisimama mlangoni, akasema "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, watoto wakaitikia, akaja moja kwa moja mezani, akakiokota kile kichuma. Mkono wake ulikishika bila kutafuta mahali pa kushika.

"Bambo hili," akasema.

Akaomba gunia. Hatukuwa na gunia, mlinzi akaleta kiroba cha mahindi ya uji wa shule. Mzee akachomeka ncha kati ya nyuzi, hakukata hata moja, akainamisha mkono, na punje zikateleza kwenye mfereji zikamwagikia kiganjani. Darasa zima likapiga kelele. Akaeleza kwamba ujana wake alinunua karanga, na kwamba hakuna mnunuzi aliyekagua gunia kwa kufungua mdomo, kwa kuwa juu huwekwa nzuri. Bambo unalichoma katikati na chini, huko ndiko wanakoficha mchanga na zilizooza. Kisha akalikandamiza tundu kwa kidole gumba, nyuzi zikarudi zilivyokuwa. Nilikaa kwenye dawati la mtoto na kuandika mpaka kalamu ikaisha wino. Kwenye ukurasa ule nimekata "Patasi?" kwa mstari mmoja, sikuifuta.

Sasa wewe wa Kondoa. Usiuze kwa elfu kumi na tano, na ukikosa pa kuiweka niandikie. Usipake rangi. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, basi. Halafu nilimuuliza msomaji huyo swali moja: ni nani bado yuko hai aliyewahi kusimama nyuma ya hiyo mizani? Akasema mama yake, alikuwa akimsaidia babu siku za gulio. Nikamwambia ampelekee yale mawe saba, ayapange mbele yake, kisha anyamaze.

Jibu limekuja jana jioni. Mama ameyapanga mwenyewe kuanzia kubwa hadi dogo, akaacha nafasi baada ya la tatu. Akasema yalikuwa manane. Hilo la ratili mbili lipo jikoni kwake, analitumia kupondea tangawizi tangu alipoolewa.