Hispania na Ureno kwa basi la kundi: mliuliza, tunajibu

Maswali mengi ya safari hii yanahusu zile ziara za siku 9 hadi 12 zinazouzwa kwa pamoja: mnatua Lisbon au Madrid, mnapewa basi moja na kiongozi mmoja, mnateremka hadi Seville, Cordoba na Granada, na wengine hufika mpaka Barcelona. Haya hapa manane.

Tunaanza na siku 3 Lisbon, kisha siku 7 Hispania. Wakala anasema tuombe viza ya Ureno kwa kuwa ndiko tunakotua. Ni sawa? (Nairobi)

Si sawa. Kanuni ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, huhesabu siku, haiangalii uwanja wa ndege. Nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi ndiyo inayoshughulikia ombi lenu, na kwenu ni Hispania. Mahali pa kutua huangaliwa siku zikilingana tu, mathalani tano kwa tano. Ombi likipelekwa kusikohusika hurudishwa, nanyi mnarudi mwisho wa foleni ya miadi.

Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na lisicheleweshwe kupita siku 15 kabla. Jibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, ila sheria inaruhusu lifike 45, kwa hiyo msisubiri mwezi wa mwisho. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Kituo kinachopokea fomu hutoza na chake juu ya hapo. Pasipoti iwe na kurasa mbili tupu, iwe imetolewa ndani ya miaka 10, na iendelee kuwa hai miezi 3 baada ya siku ya kutoka Ulaya.

Sasa yale yanayoangusha watu. La kwanza ni bima. Inatakiwa ya euro 30,000 kwenda juu, ifunike nchi zote za Schengen na kila siku ya safari. Ndege ikiondoka Madrid saa 6:40 usiku, tarehe imeshabadilika, na bima iliyoishia "siku ya mwisho hotelini" imepungua siku moja. La pili ni taarifa ya benki: pesa iliyoingia kwa mkupuo wiki moja kabla ya ombi inasomeka kama ya kuazima, hata kama ni yako halali. Ambatanisha ushahidi wa ilikotoka, iwe mauzo ya kiwanja au malipo ya chama. La tatu ni kudhani kundi linaombewa kwa mpigo. Kila mtu hupimwa kivyake na hutoa alama za vidole mwenyewe, isipokuwa aliyezitoa kwa viza ya Schengen ndani ya miezi 59 iliyopita.

Tumeongezewa siku moja ya kuvuka hadi Tangier, Moroko. Tukubali? (Dar es Salaam)

Fungueni kwanza viza zenu mtazame palipoandikwa idadi ya kuingia. Kama ni mara moja, msivuke. Boti ya Tarifa hadi Tangier huchukua kama saa moja tu, lakini ukishaandikwa mpakani kuwa umetoka Hispania, viza ya kuingia mara moja imekwisha kazi, hata ikiwa imebaki na siku kumi. Jioni utarudi Tarifa ukiwa huna viza. Anayetaka safari hii aombe kuingia mara mbili au zaidi tangu mwanzo, na ratiba yenye siku ya Tangier iwe ndani ya faili. Masharti ya Moroko yenyewe nayo huangaliwa kivyake; Schengen haiyafuti.

Kati ya Hispania na Ureno hakuna tatizo hilo. Mtavuka mpaka basi likiwa kwenye mwendo, na kitu pekee kitakachobadilika ni saa: Ureno iko nyuma ya Hispania kwa saa moja. Rudisheni mshale mkiingia Ureno, usogezeni mbele mkitoka.

Kiongozi wa ziara alikaripia watu wazima kwa kuchelewa dakika 20. Ukali huu ni wa nini? (Kigali)

Hatutetei karipio, ila sababu ya haraka ile ni dereva. Sheria ya Umoja wa Ulaya inamruhusu kuendesha saa 9 kwa siku, na mara mbili kwa wiki zinaweza kuwa 10. Baada ya saa 4 na nusu za usukani lazima apumzike dakika 45, na kwa kawaida apate saa 11 za mapumziko kabla ya kuanza siku nyingine. Kifaa ndani ya basi hurekodi yote hayo, na polisi wa barabarani hukisoma.

Sasa chukua siku ya kutoka Lisbon kwenda Seville, kilomita 400 na zaidi. Kwenye karatasi ni nyepesi. Lakini basi likitoka dakika 40 baadaye, likakuta foleni ya kutoka Lisbon, chakula cha mchana kikavuta saa mbili, mnafika Seville wakati mwongozaji wa mji ameshasubiri na tiketi ya kanisa kuu imepita saa yake. Na dereva akifika usiku sana, kesho yake hawezi kuondoka alfajiri hata mkimbembeleza. Dakika 20 za mtu mmoja hulipwa na watu 40.

Jambo la pembeni kwa sisi tunaohesabu saa Kiswahili: tiketi na ratiba za huko zinaandikwa kwa saa 24. "15:30" ni saa 9:30 alasiri. "9:00" ni saa 3 asubuhi, si saa 9. Kosa hili limewaachisha watu basi, hasa wazee wanaosomewa ratiba kwa simu.

Alhambra: wakala anasema tiketi "zitapatikana hukohuko". Tumwamini? (Kampala)

Msimwamini. Alhambra ni ngome na majumba ya wafalme Waislamu wa Granada, na hii ndiyo tiketi ya kwanza kununuliwa, hata kabla ya kuchagua hoteli. Wageni wa siku wana kikomo, na Majumba ya Wanasri (ukoo wa wafalme hao), ambayo ndiyo roho ya mahali penyewe, yana saa maalumu ya kuingia iliyochapwa kwenye tiketi. Ukiikosa saa hiyo utaona bustani na ngome, majumba utayaona kwenye kadi za posta. Tiketi hubeba jina lako na namba ya pasipoti. Jina lifanane na pasipoti herufi kwa herufi, na pasipoti yenyewe uwe nayo mkononi; usitegemee nakala ya simuni. Watu huiacha kwenye kabati la hoteli kwa kuogopa wezi, kisha basi hulazimika kurudi kuichukua.

Kutoka lango kuu hadi mlango wa majumba ni mwendo wa kama robo saa kwa miguu. Tenga saa 3 kwa eneo zima na uvae viatu vilivyozoea mguu.

Ukiwa ndani, usimfuate mwongozaji kwa masikio tu. Ukuta una chokaa iliyochongwa laini kama lesi, na katikati ya maua yale kuna mstari unaorudiwa mamia ya mara: *wa la ghaliba illa Allah*, hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Aliyesoma chuo cha Kurani utotoni ataweza kuusoma mwenyewe. Sogea karibu na ukuta bila kuugusa, utaona herufi za alifu na lamu zimerefushwa juu zikageuka kuwa nguzo za pambo. Kaulimbiu hiyo ya wafalme wa Granada ilibaki ukutani baada ya mji kukabidhiwa kwa Isabel na Fernando, watawala Wakatoliki wa Hispania, tarehe 2 Januari 1492.

Assalamu alaykum. Tutakula nini, na tutasali wapi? (Mombasa)

Waalaykumu salaam. Kukwepa vipande vya nyama hakutoshi, maana nguruwe wa Hispania anajificha. *Salmorejo*, supu baridi ya nyanya ya Cordoba, hunyunyiziwa *jamón*, paja la nguruwe lililokaushwa, juu. Supu ya kijani ya Ureno, *caldo verde*, huja na kipande cha soseji ndani. *Mantecados* na *ensaimada*, vitu vitamu kabisa, hukandwa kwa mafuta ya nguruwe. Kwa hiyo neno "mboga" halikulindi. Sema Hispania: *sin cerdo, sin jamón, sin manteca*. Ureno: *sem porco, sem chouriço, sem banha*. Maana yake ni bila nguruwe, bila paja au soseji yake, bila mafuta yake. Ongeza *sin vino* au *sem vinho*, bila mvinyo, kwa sababu kombe na samaki wengi hupikwa kwa mvinyo mweupe. Wakala apewe orodha hii kwa maandishi, na iwafikie wapishi wa hoteli kabla yenu. Samaki wa kuchoma, sadini wa Lisbon, mayai na wali vitawatosha siku ambazo hakuna mkahawa wa halali.

Ndani ya Msikiti-Kanisa Kuu wa Cordoba, sala ya Kiislamu hairuhusiwi. Walinzi watakuzuia ukianza tu kurukuu. Jengo lilianza karne ya 8, likawa kanisa kuu mwaka 1236, na uchungu wa kusimama mbele ya mihrabu ile bila kusali ni wa kweli. Jiandae nao mapema. Granada kuna msikiti uliofunguliwa 2003 mtaani Albaicín, jirani na uwanja wa San Nicolás, ambao unatazamana na Alhambra. Lisbon kuna Msikiti Mkuu karibu na Praça de Espanha, na Madrid kuna kituo kikubwa cha Kiislamu kando ya barabara ya M-30. Mwezi Juni jua la Granada huzama karibu saa 3:40 usiku. Mkipangiwa chakula saa 3 usiku, ambayo ndiyo saa ya kawaida ya Wahispania, Magharibi itawakuta mezani.

Mama ana miaka 68 na goti linamsumbua. Ataweza? (Mwanza)

Ataweza, kwa kupunguza. Kinachowachosha wazee zaidi ni mawe ya njia. Lisbon imetandikwa vijiwe vyeupe vya chokaa vilivyosuguliwa na miguu hadi vinang'aa, na mvua ikinyesha vinateleza kama sabuni. Soli ya mpira, si ngozi. Toledo ina ngazi za umeme zinazopandisha watu hadi mji wa kale. Mwambieni kiongozi azitumie. Mnara wa Giralda, Seville, unapandwa kwa miteremko 35 badala ya ngazi, kwa kuwa ulikuwa mnara wa adhana na mwadhini aliweza kuupanda juu ya mnyama. Kwa goti bovu miteremko ni nafuu kupanda, ila kushuka huuma. Akae uani chini ya michungwa awasubiri.

Ulizeni pia basi linashusha wapi. Hoteli "ya katikati ya mji wa kale" mara nyingi ina maana ya kukokota masanduku mita 300 juu ya mawe. Na msimpeleke Julai au Agosti. Seville hupita nyuzi 40. Chagueni Aprili, Mei, au kuanzia mwisho wa Septemba.

Bei inasema kila kitu kimo. Nini huwa hakimo? (Zanzibar)

Kodi ya kulala, mara nyingi: Lisbon ni euro 4 kwa mtu kwa usiku, usiku 7 zisizidi, na hoteli huidai mkononi. Vinywaji vya chakula cha jioni. Chakula cha mchana karibu chote. Na ukikaa mezani Ureno, mkate, zeituni na jibini vinavyoletwa bila kuagizwa vinalipiwa ukivigusa. Usipovitaka, sema *não, obrigado*, mwanamke aseme *obrigada*, virudi.

Ziara yetu ni ya parokia, tunapita Fátima. Na je, Lisbon kuna chochote kinachotuhusu sisi watu wa pwani? (Lindi)

Fátima, mahali pa hija ya Bikira Maria, iko kama kilomita 125 kaskazini mwa Lisbon. Ziara za kawaida husimama pale dakika 45 mchana, na hapo utaona uwanja mkubwa mtupu. Laleni hukohuko. Kuanzia Pasaka hadi Oktoba, saa 3:30 usiku, rozari huanza kwenye Kikanisa cha Matokeo, yaani cha kutokewa na Bikira Maria, kisha maandamano ya mishumaa. Padre wenu akitaka kuadhimisha Misa aandikishe kundi mapema na abebe *celebret* yake, hati ya kuthibitisha upadre. Tarehe 13 Mei na 13 Oktoba vyumba huisha mapema mno.

Kuhusu Lisbon: mtapelekwa Belém, kwenye monasteri ya Jerónimos, na kuoneshwa kaburi la Vasco da Gama, aliyefika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Wengi huishia hapo. Lakini kitu chenu hasa kiko Jumba la Taifa la Sanaa za Kale, mtaa wa Janelas Verdes, katikati ya Belém na mjini. Tramu namba 15 hupita chini yake. Hakikisheni kwanza siku hiyo pako wazi, na Jumatatu msiende.

Ulizeni *Custódia de Belém*. Ni chombo cha kuonyeshea Ekaristi, urefu sentimita 73, dhahabu na rangi za kuchomea, na mitume 12 wamepiga magoti kuzunguka mahali pa hostia, kila mmoja na uso wake. Dhahabu hiyo ilitoka Kilwa. Mwaka 1502 da Gama alileta merikebu zenye mizinga mbele ya mji, akamlazimisha sultani kulipa kodi, na dhahabu ile, tunda la biashara ya Sofala, bandari ya Msumbiji, ikafikishwa kwa mfalme Manuel wa Ureno. Chombo kilikamilika 1506, na maandishi yanayozunguka kitako chake yanasema wazi kwamba kimetengenezwa kwa dhahabu ya kodi ya mji huo. Ziara haitawapa muda huo. Tumieni alasiri yenu huru. Mkifika, iname kidogo uzunguke kabati la kioo taratibu mpaka uone jina la Kilwa, limeandikwa QVILOA, kwa V mahali pa U.