Kabla hujauziwa "Mac" iliyoundwa Kampala

Ukifanya kazi ya kuchora nembo na mabango pale Nasser Road, Kampala, au ukiwa na studio ndogo ya kurekodi Jinja, ipo siku utaambiwa hivi: "Achana na Mac ya dukani, ile kompyuta ya kampuni ya Apple. Nitakuundia mashine yenye nguvu kuliko hiyo kwa nusu ya bei, na itawaka na mfumo uleule wa Apple." Maneno hayo yana ukweli ndani yake, ndiyo maana wanunuzi hawakosekani. Mashine kweli huwaka. Mimi ni fundi wa kompyuta, mashine za namna hiyo huletwa mezani kwangu zikishagoma, na nakuomba usinunue. Kama wewe ni fundi mwenzangu, nakuomba usiuze.

Ukinunua kompyuta, chuma ni chako: ukitaka kifungue, kiuze, badilisha kila kilichomo. Mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiendesha kompyuta, haumo katika hesabu hiyo. Hapo unachopewa ni ruhusa ya kuutumia, tena kwa masharti, na mkataba wa Apple unasema mfumo wake uwekwe kwenye kompyuta yenye chapa ya Apple tu. Siku hizi mfumo huo hupakuliwa bila kulipa, na wengi hudhani kwa kuwa ni bure basi sharti nalo limekufa. Lipo palepale.

Kesi ambayo ningependa kila fundi aijue ni ya Psystar, kampuni ndogo ya Florida, Marekani. Aprili 2008 ilianza kuuza kompyuta iliyoitwa OpenMac, bei ikianzia dola 399. Muda si mrefu jina likabadilishwa kuwa Open Computer. Julai mwaka huohuo Apple ikaishtaki huko California. Psystar ilijitetea kwa maneno ambayo nayasikia mpaka leo kwa mafundi wa hapa mjini: nakala tumenunua, tumeilipia, diski hii hapa, sasa kosa liko wapi? Na diski halali kweli ilikuwemo ndani ya boksi, hata haijafunguliwa.

Kasoro ilikuwa kwenye kile kilichowekwa ndani ya mashine. Psystar walinunua Mac mini, wakaweka mfumo humo, wakautolea nakala, wakaihamishia kwenye kompyuta isiyo ya Apple, wakabadilisha programu ya kuwashia na faili kadhaa za ndani. Nakala hiyo moja ndiyo iliyonakiliwa kwenye kila kompyuta ya kuuzwa. Kwa hiyo ile diski ya kwenye boksi haikuwa imefanya kazi yoyote. Mteja alikuwa anatumia nakala ya nakala, iliyokwisha kubadilishwa, isiyo na idhini ya mwenyewe. Novemba 2009 Jaji William Alsup aliamua kwamba Psystar wamevunja hakimiliki, na tena wamevunja sheria ya Marekani inayokataza kufungua kufuli za kidijitali. Mwezi uliofuata ikatoka amri ya kudumu ya kuwazuia.

Kufuli lenyewe nimeliona. Ndani ya mfumo wa Apple wa mashine za Intel, yaani zenye kichakataji cha kampuni ya Intel, kuna faili inayoitwa Dont Steal Mac OS X.kext. Kazi yake ni kuuliza chipu iliyo kwenye ubao wa Mac kama ufunguo upo, na jibu likipatikana ndipo baadhi ya programu za mfumo hufunguliwa. Kwenye mashine ya kuundwa hakuna chipu hiyo, kwa hiyo fundi huweka programu ndogo inayojifanya chipu na kujibu badala yake. Fundi anayefanya hivyo na kisha kuuza hawezi kusema hakujua kwamba kuna mlango uliofungwa.

Psystar wakakata rufaa, wakidai Apple inatumia hakimiliki kuua ushindani. Septemba 2011 mahakama ya rufaa ilikataa hoja hiyo: Apple haikumzuia mtu kutengeneza kompyuta yake wala kuandika mfumo wake, ilizuia mfumo wa Apple usiwekwe kwenye kompyuta za wengine. Mimi sharti hilo silipendi. Naona aliyelipia nakala yake angeachwa aitumie nyumbani kwake kwenye chuma anachokitaka. Lakini mimi kutolipenda hakumkingi mteja wangu na hasara.

Hukumu ya California haimlazimishi hakimu wa Kampala kitu. Ila Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inazitaja programu za kompyuta kati ya kazi zinazolindwa, na kunakili kazi ya mtu na kuiuza bila idhini yake kunaweza kukupeleka mahakamani hapahapa. Sisemi polisi watakuja kugonga mlango wa studio yako. Kinachowaumiza watu ni ugomvi kati yao na muuzaji.

Dada mmoja anayechora kadi za harusi aliuziwa mashine ya aina hiyo katikati ya mji. Risiti ilikuwa na neno "Mac" na bei, basi. Siku alipokubali sasisho la mfumo, skrini ikabaki nyeusi, na kazi za wateja zimo ndani. Faili zake nilizitoa salama. Kisha tukaenda naye dukani. Mwenye duka akasema, "Dada, mashine ni nzima, kilichoharibika ni programu, na sisi programu hatuuzi." Nikamwambia, "Mzee, kwa heshima, hilo jina Mac mmeliandika ninyi, na ndilo alilolipia." Hakuwa na jibu. Sheria ya mauzo ya bidhaa na utoaji wa huduma ya mwaka 2017 inataka bidhaa ifae kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza muuzaji, na dada huyu alikuwa amemweleza. Tulipotaja utaratibu wa madai madogo mahakamani, ambao unahusu madai yasiyozidi shilingi milioni 10 na hauhitaji wakili, sehemu kubwa ya pesa ikarudi. Yakikukuta, anza na barua ya madai, na uwe na maandishi ya fundi yanayoeleza kilichomo ndani ya mashine.

Kama kazi yako inahitaji Mac kweli, tafuta iliyotumika lakini halisi. Namba yake ya utambulisho (serial number) iingize kwenye tovuti ya Apple, na hakikisha mmiliki wa zamani ameshaiondoa akaunti yake mbele ya macho yako. Tena, Apple imetangaza kwamba toleo la 26 la mfumo wake, Tahoe, ndilo la mwisho kwa mashine za Intel. Anayekuundia Mac ya Intel leo anakuuzia kitu ambacho njia yake imeshafika ukutani. Wachoraji wengi, kusema kweli, hawaihitaji: programu za Adobe ziko kwenye Windows pia, na programu za kuchora za Blender na Inkscape hufanya kazi vizuri kwenye Ubuntu, mfumo endeshi wa bure ambao leseni yake inakuruhusu kunakili na kumpa jirani.

Windows nayo ina mambo yake. Laptopu iliyotumika inayokuja kutoka Dubai au Uingereza mara nyingi ina leseni iliyofungwa kwenye ubao wake, na leseni hiyo haihamishwi kwenda mashine nyingine. Fungua dirisha la amri, andika slmgr /dli, usome kilichoandikwa: OEM (leseni iliyokuja na mashine kutoka kwa mtengenezaji) na Retail (iliyonunuliwa dukani) ni za kawaida kwa mashine ya mtu binafsi. Ukikuta Volume (leseni ya jumla ya kampuni au taasisi) kwenye laptopu ya mtu mmoja, muulize muuzaji ameitoa kampuni gani.

Kwenye risiti dai viandikwe vitu hivi: mtengenezaji wa mashine na namba yake, jina la mfumo endeshi na toleo, na leseni imetoka wapi. Mimi huviandika kwa mkono, mteja anatia sahihi, na nakala moja inabaki kwangu.