Mikopo mbili au mikopo miwili? Tarakimu inaposomwa na mashine

SWALI: Ninatengeneza programu ya kuwajibu kwa simu wanachama wa chama cha kuweka na kukopa. Sentensi nimeziandika mwenyewe, kwa mfano "Una mikopo 2 na wadhamini 3", na sauti ya mashine ndiyo inayozisoma. Wanachama wanalalamika kwamba wanasikia "mikopo mbili na wadhamini tatu". Mimi nikiisoma sentensi hiyohiyo sioni kosa lolote. Je, kosa ni la sentensi au la sauti, na nirekebishe wapi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Kwenye karatasi sentensi yako ni sahihi, na hulioni kosa kwa sababu Kiswahili ni lugha yako: jicho linaona 2 lakini kinywa kinatamka "miwili", kwa kuwa kimekwisha kupita kwenye neno "mikopo". Tarakimu haina ngeli. Anayeisoma ndiye anayeivalisha kiambishi, naye hukitoa kwenye nomino iliyotangulia. Sehemu ya programu inayogeuza maandishi kuwa sauti, isipofundishwa kutazama nyuma, huitamka tarakimu kama mtoto anavyohesabu vidole: moja, mbili, tatu. Kwa hiyo kosa limo katikati, pale ambapo sentensi ilitoka mikononi mwako kabla haijakamilika.

Wataalamu wa mashine zinazounda sentensi huigawa kazi hiyo katika hatua tatu: kuchagua la kusema, kulipanga katika sentensi, kisha kuyapa maneno sura yake ya kisarufi. Wewe ulifanya mbili za mwanzo na ile ya tatu ukaiachia sauti. Kwa Kiingereza ungesalimika, maana neno la namba katika lugha hiyo halibadiliki kwa kufuata nomino, na programu nyingi za kujibu simu zimeiga mpangilio huo: sentensi yenye pengo, na namba inayotumbukizwa humo. Katika Kiswahili namba haitamkiki mpaka ijulikane inahesabu nini.

Kuna jambo moja ambalo huwapotosha mafundi wengi. "Mbili" tunayohesabia si sura tupu ya namba. Ni shina "-wili" lililokwisha kuchukua upatanisho wa ngeli ya I-ZI. Ndiyo maana mashine hupatia kwa bahati inaposema "siku mbili", "dakika mbili" au "shilingi elfu mbili", na fundi anayeijaribu kwa siku na fedha pekee huondoka akiamini kwamba kazi imekwisha.

Kanuni yenyewe ni fupi. Moja, mbili, tatu, nne, tano na nane hupatana na nomino. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Basi sauti yako inapaswa kusema wadhamini watatu, mikopo miwili, marejesho matano, vikao vinane, lakini mikopo sita na vikao tisa. Baada ya kumi, kinachopatana ni tarakimu ya mwisho: wanachama kumi na wawili, vikao kumi na viwili. Uangalifu unahitajika zaidi kwenye mamia na maelfu, kwa sababu humo "mbili" huhesabu neno "mia" au "elfu", si nomino yako. Wanachama 208 ni "wanachama mia mbili na wanane". Programu itakayosema "mia wawili na wanane" itakuwa imeshika kanuni na kuikosea lugha. Na 21 hurudi kwenye upatanisho wa umoja: vikao ishirini na kimoja, wanachama ishirini na mmoja.

Usiipe sauti tarakimu, basi. Iandike namba kwa maneno ndani ya programu kabla sauti haijaipokea, na kila nomino unayoitumia iandamane na ngeli yake. Nomino za chama cha mikopo si nyingi, na jedwali lake ni kazi ya jioni moja. Kama muda umekubana, iondoe namba ubavuni mwa nomino: "Idadi ya mikopo yako ni mbili" ni Kiswahili sahihi, kwa kuwa hapo namba imesimama peke yake. Mimi nisingeiacha hivyo kwa muda mrefu. Ina ubaridi wa fomu, na mwanachama aliyepiga simu anastahili kuzungumzishwa kama mtu.

Hukuuliza kuhusu saa, lakini programu yako itazitaja tarehe na saa za marejesho, na kosa lake ni la jamii hiyohiyo, ila lina madhara makubwa zaidi. Mwaka jana nilikuwa nimeketi na shangazi yangu alipopigiwa simu na mashine ya zahanati moja: "Miadi yako ni saa kumi na tano na sifuri sifuri." Akabonyeza namba ya kurudia, akasikiliza tena, kisha akaninyoshea simu: "Hebu nisikilizie, mwanangu. Saa kumi na tano ndiyo saa ngapi?" Aliyeandika 15:00 hakukosea, na sauti ilisoma ilichokiona, lakini kwa hesabu yetu saa hiyo haipo. Alipaswa kuambiwa "saa tisa kamili alasiri".

Waliotangulia kutengeneza mashine za kutafsiri mazungumzo walikutana na ugumu huu mapema. Mradi wa Verbmobil, ulioendeshwa Ujerumani kuanzia 1993 hadi 2000 chini ya Wolfgang Wahlster, ulishughulikia mazungumzo ya kupanga miadi na safari kwa Kijerumani, Kiingereza na Kijapani. Mjerumani akisema "halb drei", ambayo neno kwa neno ni "nusu tatu", anakusudia 2:30. Ikiwa ni mchana, sisi tungesema saa nane na nusu. Hakuna njia ya kuyavusha maneno hayo moja moja yakafika salama. Saa hushikwa kwanza kama wakati halisi wa siku, kisha hutamkwa upya kwa desturi ya lugha inayopokea. Fanya hivyo nawe: weka 15:00 kwenye kumbukumbu za programu, lakini kabla ya kutamka badili hesabu kwa saa sita na utaje kipindi cha siku. Saa 16:45 iwe "saa kumi na moja kasorobo jioni", na 01:00 ya Jumapili iwe "saa saba usiku wa kuamkia Jumapili", la sivyo msikilizaji ataingoja usiku unaofuata.

Yamebaki mawili madogo. Mwanachama asiyedaiwa asiambiwe "Una mikopo sifuri". Hiyo iwe sentensi nyingine kabisa, "Huna mkopo wowote". Na akaunti ikiwa ya kikundi, "una" igeuke "mna". Ukimaliza, ijaribu kila nomino kwa 0, 1, 2, 6, 8, 12, 21 na 208, na anayesikiliza asiwe wewe uliyeandika. Mpe simu mtu ambaye hajaiona sentensi kwa macho.